Siku Tulipomlimia Rula

Jirani yangu aliendesha trekta la chama cha ushirika kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote sikuona mstari wake ukipinda. Ndiyo maana tulimwita Rula. Hata mkewe alimwita hivyo. Alikuwa mtu mfupi, mcheshi, shingo imeelemea kidogo upande wa kulia kwa sababu ya kugeuka nyuma kutwa nzima kuangalia plau, lile jembe linalovutwa na trekta.

Kazi ilikuwa ile ile kila mwaka. Kabla ya mvua tulichoma mabua ya mahindi, yeye akaja akapindua ardhi, wiki ya pili akarudi na haro ya kuvunja mabonge, akaisaga ardhi mpaka ikawa laini kama unga. Shamba likitoka mikononi mwa Rula ungeweza kulala juu yake bila godoro. Tuligombania zamu.

Halafu mahindi yakaanza kututia aibu. Yalifika magotini yakasita. Majani yakawa ya manjano, mengine ya zambarau pembeni. Mvua ikinyesha, maji hayakuingia ardhini, yalikimbilia barabarani yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, na jua likiwaka siku tano tu mimea ilinyong'onyea. Tukalaumu mbegu. Tukalaumu mbolea. Tukamfuata muuza pembejeo dukani kwake, akaapa kwa watoto wake wote watano kwamba hajachakachua kitu.

Rula alikuwa na miaka hamsini na tatu tulipoletewa bibi shamba mpya, binti mwembamba aliyevaa buti kubwa kuliko miguu yake. Alitukusanya kwenye shamba la Rula mwenyewe, maana lilikuwa karibu na barabara, akaomba koleo. Rula akasema yeye ndiye atakayechimba, hawezi kumwachia binti kazi hiyo. Alipofika kina cha kiwiko, koleo lililia kama limegonga sakafu ya saruji.

Yule binti akaingia shimoni na kisu cha jikoni, akaanza kuchoma ukuta wa shimo kutoka juu kwenda chini. Juu kisu kilizama kwa urahisi. Kilipofika pale palipolia, kilipinda. Kisha akang'oa mhindi mmoja akatuonyesha mizizi. Ilikuwa imeshuka vizuri, halafu ikajikunja kama goti na kutambaa ubavuni.

"Hiki ni nini, mwanangu?" Rula aliuliza.

"Ni tabaka gumu, mzee. Plau ikipita kina kile kile kila mwaka, na trekta lina uzito wake, huku chini panashindiliwa. Mizizi haipiti. Maji hayapiti. Na mkichoma mabua, udongo wa juu nao hauna cha kula."

Mtu mmoja nyuma yangu alicheka kidogo akaacha.

"Kwa hiyo ni mimi," Rula akasema.

"Si wewe, mzee. Ni plau."

"Plau haijiendeshi."

Wengine tulirudi majumbani. Yeye alibaki pale shimoni akimuuliza binti afanye nini. Aache kulima kwa plau, akaambiwa. Asichome, mabua ayalaze chini yafunike udongo. Mwaka wa mahindi ufuatiwe na mwaka wa soya, na katikati ya mistari apande mbaazi, maana mzizi wa mbaazi una ubishi, huenda ukatoboa. Itachukua muda gani? Miaka mitano, labda saba.

Trekta hakuliacha, ndilo lililomlisha. Lakini kila aliyekuja kuomba zamu, Rula alimuuliza kwanza, "Nikupindulie udongo, au nikuachie ulivyo?" Tulimcheka sana. Tulisema amekuwa kama kinyozi anayewashauri watu wafuge nywele. Wote tulitaka kupinduliwa, nami nilikuwa miongoni mwao.

Kwenye ekari zake mbili hakupeleka plau tena. Mwaka wa kwanza magugu yalikula kila kitu. Mkewe, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, alipalilia mara nne pale alipozoea mara mbili, malengelenge yakaota juu ya sugu. Jioni moja nikiwa uani kwao alimwambia mbele yangu, "Rula, ulipokuwa unalima vibaya tulishiba. Sasa unalima kitaalamu, tunalala njaa." Alicheka aliposema hivyo, na Rula akacheka, lakini ulikuwa ukweli mtupu.

Baada ya mavuno ng'ombe wa kila mtu huachiwa wajilie mabua popote. Rula akazungushia shamba lake miiba, na siku za mapumziko akakaa pembeni juu ya kigoda, fimbo mkononi. Kaka yake mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wao, alikuwa akipita anasimama kumtazama.

"Mdogo wangu, unalinda takataka."

"Ndiyo, kaka. Nalinda takataka."

Alimpenda sana mdogo wake yule. Alikuwa akifikiri jua la kwenye trekta limemwingia kichwani.

Mwaka wa tano, mchana mmoja, Rula alinigongea mlango akiwa ameshika bonge la udongo. "Jirani, njoo uone." Udongo ulikuwa mweusi, unanukia kama msitu baada ya mvua, na ndani yake nyungunyungu wawili walikuwa wanajinyonganyonga. Nilikuwa sijaona nyungunyungu shambani tangu nioe. Akaning'olea soya, mizizi yake imejaa vinundu, akapasua kimoja kwa kucha, ndani chekundu kama nyama; hivyo, alisema, ndivyo vinavyolisha udongo. Kisha tukachimba shimo. Lile tabaka lilikuwepo bado, lakini lilikuwa na nyufa, na katika ufa mmoja mzizi wa mbaazi, mnene kama kidole changu cha mwisho, ulikuwa umepita kwenda chini.

Rula alipiga magoti akaushika. Hakuuvuta, aliushika tu. Nilipoona mabega yanatikisika nikageuka nikajifanya natazama mawingu. Kwa fedha, mavuno yake mwaka ule yaliyazidi yangu kidogo. Kidogo tu, ila yalizidi.

Mwaka uliofuata mgongo wake ukakatika. Miaka thelathini ya kurushwarushwa kwenye kiti cha chuma, daktari alisema. Alilazwa wiki tano hospitali ya mbali, na mkewe akaenda kumuuguza. Wakiwa huko, mvua ikawahi.

Kaka yake alituita. Tulisimama mbele ya lile shamba, mabua yamelala chini, magugu yamechomoza, mbaazi za mwaka jana zimesimama huku na huku. "Mdogo wangu anaumwa," alisema. "Msimu unampita. Akirudi atakula nini?" Akaanza kulia, mtu mzima yule, akafuta machozi kwa kofia yake. Dereva mpya wa ushirika, aliyefundishwa kazi na Rula mwenyewe, akasema yeye atalima bure. Chama kilikuwa kimenunua trekta jipya, zito karibu mara mbili ya lile la zamani. Sisi tukachanga mafuta. Mimi nilitoa dumu zima.

Nitasema ukweli. Niliukumbuka ule mzizi. Nilikumbuka na nikajiambia, kulima mara moja tu kutaharibu nini? Na nani angesimama kumkatalia mtu mzima anayelia? Nikanyamaza.

Tulisomba mabua tukayachoma. Tuling'oa mbaazi, zilikuwa zinazuia, mbili kati ya hizo nimezing'oa kwa mikono yangu, na zilinitoa jasho. Udongo ulikuwa umelowa, ulinata kwenye matairi vipande vipande. Dereva alipita, akarudia, siku ya tatu akapita na haro. Alipozima injini tulipiga makofi.

Rula aliletwa kwa gari la kukodi, amelazwa kiti cha nyuma. Tulikuwa tumejipanga kando ya barabara. Kaka yake alifungua mlango kabla gari halijasimama vizuri.

"Angalia, mdogo wangu! Tumekulimia!"

Rula alijiinua kwa kiwiko. Alitazama muda mrefu. Mkewe alikuwa ameshashuka upande wa pili, amejiziba mdomo kwa kanga.

"Mwalimu," dereva mpya alisema, kofia mkononi, "nimejitahidi kunyoosha."

"Umenyoosha kweli," Rula akajibu. "Asanteni. Asanteni sana, ndugu zangu."

Akampa kila mtu mkono, mmoja mmoja. Ilipofika zamu yangu alisema kwa sauti ya chini, "Na wewe, jirani?"

Nikasema pole.

Baadaye alimpigia simu bibi shamba, ambaye alikuwa ameshahamishwa. Nilikuwepo, simu ikiwa kwenye spika. Binti aliuliza swali moja tu: udongo ulikuwa umelowa? Rula akasema ndiyo. Binti akasema, "Udongo uliolowa hushindiliwa zaidi. Itabidi uanze upya, mzee. Pole sana."

Mahindi yalipoota yalipendeza mwezi mzima, kaka yake akazunguka kijijini akiwa kifua mbele. Jua likawaka siku kumi, yakanyong'onyea sawasawa na yetu. Mkewe aliingia shambani na kisu, akachoma hapa na pale, akarudi. Alisema yeye yuko tayari, waanze tena, atapalilia.

"Kwa mikono ipi?" Rula alimuuliza, bila ukali. Mwanamke alitazama mikono yake akaiweka mapajani.

Msimu uliofuata Rula alijikongoja mpaka barabarani na mkanda wake wa mgongo, akampungia dereva aingie shambani kwake. Hakuna aliyemshawishi. Mpaka leo kaka yake akisimama kwenye mikusanyiko husimulia jinsi tulivyomlimia ndugu yetu mgonjwa, na Rula huitikia, "Ndiyo, walinilimia," akitazama chini. Hajawahi kumwambia. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Nikimwambia, atakufa na hilo bure. Ameshazeeka."

Mwezi uliopita nilimwendea. Nilimwambia nataka nami kuacha plau shambani kwangu, nina miaka arobaini na tisa, bado nina nguvu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Una kaka?" akaniuliza.

"Wawili."

Akatikisa kichwa, akaniomba nimsaidie kugeuka upande wa pili, kiti kinamuumiza. Nikamgeuza. Tukazungumza habari nyingine. Juzi trekta lilipopita nilikuwa nimesimama mlangoni, na dereva akapunguza mwendo akaniuliza kama aingie. Nilimwambia aingie.