Nepi Zilizofichwa Jua

Mama mkwe wangu anaamini Mungu, makambi ya Wasabato na ubaya wa macho ya watu, na sijui katika hayo matatu ni lipi linalomtoa jasho zaidi. Nilipotoka hospitali na mtoto, nilimkuta ameshafunga kamba jikoni, juu ya meko ya kuni. Nguo za mtoto mchanga, alinieleza, hazianikwi nje. Kuna watu ambao wakiitazama nguo tu, aliyeivaa huota vipele.

Mimi nimelelewa mjini, karibu na soko la mitumba la Daraja Mbili, ambako nguo za watoto hutandazwa chini mchana kutwa, kila mpita njia akazitazama, akazivuta na kuzinusa. Nilimwambia hivyo.

"Wewe cheka tu," akajibu.

Basi nikawa nafua, nasuuza mara mbili, kisha napeleka usafi wangu wote ukafukizwe moshi. Huku kwetu Nyamira mvua hunyesha karibu kila alasiri, na jikoni mle hakuna kinachokauka, hata machozi ya mpishi. Nepi zilitoka na unyevu, zikinuka kama samaki wa kukaushwa. Vipele vikaja, shingoni na mapajani. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka, nami nikalia naye kwa hasira.

Mama mkwe hakulia. Alichangamka kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba. Alimpaka mtoto samli mwili mzima, kisha akamtaja mkosaji: jirani yetu mjane, aliyeniletea uji wa wimbi na kumsifu mtoto mashavu. Akapigwa marufuku kukanyaga kwetu.

Wiki ya makambi ilipofika, mama mkwe alibeba godoro na Biblia akaenda. Nilifua kila kitu, nikaanika kwenye ua wa kando ya barabara, juani. Wachuma chai walipita wakatazama mpaka wakashiba. Aliporudi, ngozi ya mtoto ilikuwa laini.

"Umeona?" akasema. "Tangu tumfukuze yule, mtoto amepona."

Nilimwambia ni jua. Akanitazama kwa huruma.

Juzi nilikutana na yule jirani njiani, nikamgeuza mtoto ili amwone. Akajifunika uso kwa leso yake, akasimama pembeni.

"Mpitishe mtoto, mama," alisema. "Hata mimi sijui haya macho yangu yana nini."