Kibao cha Nazi Barazani

Kwa muda mrefu nilikuna nazi kwa kujificha, kama mtu anayevuta bangi. Nafunga mlango wa uani, nasogeza pipa lizibe tundu la uzio wa makuti, ndipo nakaa juu ya kibao changu, magoti huku na huku, ule ulimi wa chuma umetokeza mbele. Pwani yetu hii mwanamume anaweza kushona, anaweza kufua, anaweza hata kulia msibani, na watu wakanyamaza. Lakini akionekana amekalia kibao cha kukunia nazi, habari inafika sokoni Palma kabla tui halijachemka.

Nieleze nilifikaje pale, maana mtu hazaliwi juu ya kibao. Nilisoma hadi klasi ya kumi na mbili, nikafanya kazi ya stoo kwenye duka la vyakula. Vita vikatukimbiza. Tuliporudi, sisi tulirudi, duka halikurudi. Mke wangu akapata kazi ya kufua nguo kwenye kambi ya mradi wa gesi. Anaingia kambini wiki kadhaa, anatoka kupumzika, anaingia tena. Kwa hiyo yeye alipata kontratu ya kazi, mimi nikapata jiko. Nilidhani nitakaa nalo mwezi mmoja tu. Sasa sioni haya kusema kwamba hata nikifukuzwa sitoki. Mimi ni mtu wa ndani tangu utoto. Shuleni nilipenda zaidi siku za mvua, kwa sababu mwalimu hakuja.

Nyumba yetu ni ya matofali, na mabati yake ni ya buluu, ndiyo pekee ya rangi hiyo mtaani. Ilikuwa rehani. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu aliyetoka upande wa Mtwara, alitukopesha saruji, mbao na mabati, akashika karatasi za kiwanja hadi tumalize. Riba hakutaka, ni mtu wa dini. Alitaka sharti moja tu: tukikosa kulipa miezi miwili mfululizo, tunamkabidhi ufunguo, naye anapangisha nyumba kwa watu wa makampuni hadi fedha yake irudi. Na watu wa makampuni walivyokuwa wakitafuta nyumba siku zile, walikuwa tayari kupanga hata banda la kuku, mradi kuku atoke. Nilijua ule ufunguo ukishaingia mfukoni mwake, nitauona tena nikiwa na ndevu nyeupe.

Basi nikapika kama mtu aliyezingirwa. Nazi moja kwangu haikuwa nazi, ilikuwa familia nzima. Tui la kwanza, lile zito, naliweka kando la kumalizia mchuzi. La pili la kuchemshia mbaazi. La tatu la kupikia kisamvu. La nne, ambalo mke wangu analiita maji ya kunawia, nalikandia unga wa mikate. Machicha yaliyobaki nayaanika, nayakaanga na chumvi na pilipili, tunayala na muhogo. Vifuu vinakwenda motoni badala ya mkaa, makumbi yanasugulia sufuria. Ng'onda mmoja, samaki wetu wa kukaushwa juani, alikuwa anaweza kuzikwa mara tatu: leo kichwa, kesho mgongo, keshokutwa harufu. Unga wa muhogo na mbaazi nilikuwa nachukua shambani kwa marehemu mama, huko Mute. Watoto wangu wakiona natoka na kifumbu cha kukamulia, wanaulizana kwa sauti kama leo nazi ni ya leo au ni ile ya juzi.

Hapo sikuwa na aibu. Aibu yangu ilikuwa Ijumaa. Ijumaa nyumba yenye mabati ya buluu inatakiwa inukie. Kwa hiyo kila Ijumaa, baada ya swala, nilibeba jiko hadi mlango wa mbele, nikakaanga kitunguu kimoja na punje ya iliki, nikapepea moshi uende mtaani. Majirani walipita wakisema mashallah, kwa shemeji leo pilau. Mlango ukifungwa, ndani tunakula mbaazi. Nilijiona fundi mkubwa.

Kisha tukakosa mwezi mmoja. Kampuni ya mke wangu ilibadilisha kontratu na mishahara ikachelewa. Haikupita wiki, mwenye duka akaja na bwana mmoja aliyevaa kofia ngumu ya kazini, wakapima sebule yetu kwa utepe huku mimi nimesimama kando na upawa mkononi. Yule bwana akaniuliza kwa Kireno kama jiko linaweza kuhamishwa. Nikamjibu kwa Kireno changu chote cha klasi ya kumi na mbili kwamba jiko linaweza, mpishi hawezi. Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka, na usingizi ukanihama.

Mwezi huohuo ndipo dada yangu alipokuja. Ni mkubwa wangu, ndiye aliyenibeba mgongoni, na mpaka leo anaingia kwangu bila hodi kama mwenye ufunguo wa pili. Wanawe wawili walikuwa jandoni na siku ya kutoka ilikuwa imekaribia. Kwetu, wavulana wakitoka jandoni, wa kulisha watu ni mjomba. Baba mtu anaweza kukaa kwenye mkeka akatafuna kijiti cha meno. Anayetazamwa ni mjomba. Na mjomba ni mimi. Dada hakuuliza kama nina uwezo. Aliniambia kwamba amekwishawaambia watu: shughuli itakuwa kwenye nyumba ya mabati ya buluu, na chakula ni pilau ya ng'ombe. Nikafungua mdomo, nikasema inshallah. Mtu mwingine angesema hapana. Mimi husema inshallah na kwenda kuosha vyombo.

Mke wangu akapiga simu kutoka kambini. Mshahara ulikuwa umeingia. Nikamweleza habari ya pilau, nikitumaini kwamba atakasirika, ili niwe na wa kumsingizia. Hakukasirika.

"Baba watoto, fedha yote nakutumia wewe," akasema. "Ukimpa dada sitakulaumu. Ila yule bwana wa utepe, utamfungulia mlango mwenyewe."

Nilijijua. Fedha ikilala kwangu usiku mmoja, asubuhi dada atakuja, mimi nitasema inshallah, na ng'ombe atakufa. Kwa hiyo simu ilipolia tu kwamba fedha imefika, nilivaa kofia, nikatoka na aproni kiunoni bila kujua, nikaenda kwa miguu hadi dukani kwa mwenye rehani. Nikamlipa mwezi uliokosekana na mwezi uliokuwepo. Alinitazama aproni, akasema alisikia nina shughuli, alidhani nitaomba muda. Nikamwambia karibu kwenye shughuli, njoo ule. Nilirudi nyumbani nimebakiwa na nauli ambayo sikuitumia, na bado sikuwa nimemwambia dada neno.

Alikuja siku mbili kabla, kuuliza nyama italetwa lini. Alinikuta nachemsha mbaazi, na ndiyo kwanza nimetia tui zito. Anayepika nazi anaijua saa ile: tui lile unalikoroga taratibu, hutoi mkono, hadi lichemke. Ukiliacha linakatika, mafuta huku, maji kule, na hakuna dawa. Kwa hiyo mazungumzo makubwa kuliko yote niliyowahi kufanya na dada yangu niliyafanya nimempa mgongo.

Nikamwambia hakuna pilau. Kuna ugali wa muhogo, mbaazi za nazi, kisamvu na ng'onda. Ukitoa samaki, kila kitu kitatoka shambani kwa mama, na kitatosha watu wote.

"Geuka uniambie usoni," akasema. "Usinipe mgongo, mimi ni dada yako."

"Nikigeuka, dada, tui linakatika."

"Na likatike. Kila Ijumaa mtaa mzima unanusa pilau yako. Wanangu wanatoka jandoni ndiyo nyama imekwisha duniani?"

Hapo nilisikia shingo inapata moto, na si wa jiko. Nikaendelea kukoroga.

"Ile haikuwa pilau. Ni kitunguu na iliki."

Nikasikia anasogea.

"Iliki ngapi?"

"Punje moja. Mwisho wa mwezi, maganda yake."

Sikuona uso wake, lakini nilisikia anakaa juu ya ndoo. Nikamweleza yote, habari ya miezi miwili, utepe, ufunguo, fedha niliyokwishalipa. Mgongo ni mzuri kwa kusema kweli. Uso ungeomba msamaha. Nikamaliza kwa kumwambia kwamba nyumba hii ikienda, hiyo shughuli yake ataifanyia barabarani, na mimi ndugu yake nitakuja kulala kwake na watoto wangu na kibao changu. Tui likachemka. Nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga upya kapulana, kanga yake, kama mtu anayekwenda vitani.

"Haya, pika," akasema. "Lakini pika peke yako. Wanawake wangu siwaleti hapa kuja kunusa maganda."

Na kweli hakuwaleta. Asubuhi ya shughuli nilikuwa na gunia la nazi, kibao kimoja na mikono miwili. Nikakaa uani, nikakuna ya kwanza, ya pili. Uani kwetu ni padogo. Sufuria kubwa za kuazima zilikuwa zimejaza kila mahali, moshi wa vifuu unaniingia machoni, na gunia halipungui. Nikalitazama lile pipa linaloziba tundu la uzio. Nikajiuliza ninamficha nani nini. Dada anajua. Dada akijua, sokoni wanajua. Nikabeba kibao kwa mkono mmoja na gunia kwa mwingine, nikapita sebuleni palipopimwa kwa utepe, nikafungua mlango wa mbele, nikakaa barazani. Barabara iko mbele yangu, na mota, pikipiki zote za Palma, zinapita hapo.

Wa kwanza kuniona alikuwa mzee wa msikitini. Alitazama juu kama anayekagua mabati. Wa pili alisalimia ukuta. Mwenye mota mmoja alipunguza mwendo, abiria wake akageuka mpaka nikaogopa ataanguka. Nikaendelea. Nakuna vizuri, wallahi. Chicha yangu inatoka laini kama unga, hata wanaonicheka hawawezi kunitoa kasoro hapo.

Kisha akaja bibi muuza samaki wa nyumba ya tatu. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani toka enzi za mababu; kwenye shughuli ana ruhusa ya kunitukana, kunipaka masizi, hata kuondoka na sufuria, na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Alisimama katikati ya barabara, mikono kiunoni.

"Mke mwenzangu," akaita, mtaa mzima usikie, "mume wetu yuko wapi leo?"

"Yuko kambini anafua, mke mwenzangu," nikamjibu. "Mimi niko kwangu. Karibu barazani."

Akaja, akachota konzi ya nazi iliyokunwa, akaionja, akatafuta tusi, hakulipata. Akaondoka. Nikadhani yamekwisha. Alirudi na kibao chake mwenyewe, akakaa mkabala na mimi, akachukua nazi gunini. Akasema hajaja kunisaidia, amekuja kunionyesha. Tukashindana mpaka jua likawa juu ya kichwa, yeye akinitukana bila kurudia tusi hata moja, na gunia likaisha. Kushindwa nilishindwa, na mtaa wote ulishuhudia.

Wavulana walitoka wamevaa kapulana mpya, vichwa vimenyolewa, wamekonda. Huko jandoni walikuwa wanakula ugali na mboga bila chumvi. Nilikuwa nimejiandaa kwa manung'uniko ya pilau. Wale watoto waliziona mbaazi wakasahau kuwa wamekuwa wanaume. Watu wazima walianza kula kwa heshima, kama watu wa msibani, wakafika mahali heshima ikawashinda. Mwenye rehani naye alikuja. Nilimwandalia mwenyewe, nikamwekea ng'onda mzima, ambaye kwa hesabu za nyumba yangu ni siku tatu. Akala, akaangaza macho sebuleni kama alivyozoea, akasema nyumba hii ina hewa nzuri.

"Ina hewa," nikasema, na sikusema inshallah. "Mwambie yule bwana wa utepe apime kwingine. Kula ushibe, sheikh. Mwezi ujao nitakuletea fedha yako na aproni hii hii."

Akanitazama, akasukuma sahani yake mbele, akaomba aongezwe mbaazi. Nikamwongezea, lakini za tui la pili.

Dada alikula jikoni, kauelekea ukuta. Walipoondoka wote, alikuja barazani na sufuria aliyoisugua kwa makumbi. Nilikuwa nakifuta kibao kwa kitambaa.

"Kirudishe uani sasa," akasema. "Watu wameshaona."

Nikakiegemeza pale pale, kando ya mlango wa mbele, ulimi umeelekea barabarani. Kipo hapo mpaka leo. Anayeona aibu akipita, na akaione kwake. Baraza hii naifanyia kazi kila siku, kwa magoti na mikono yangu. Na Ijumaa, jiko linabaki uani. Mbaazi zikinuka mbaazi, ndizo.