Mkoromo Wangu Mezani kwa Daktari

Ipo siku ambayo hata nikiulizwa leo nitaisimulia kama ya jana, mjukuu wangu: siku niliyosinzia mikono ikiwa juu ya ngoma.

Nilikuwa bado kijana, sijagusa miaka arobaini. Kikundi chetu cha bugobogobo, hapa Tinde, kilikuwa kinapambana na wenzetu wa Ushetu, na mpiga ngoma kubwa nilikuwa mimi. Unaijua ngoma yetu. Vijana wanarusha majembe juu, yanazunguka yakimeta, kisha wote wanayadaka kwa pigo moja. Pigo hilo analitoa mpiga ngoma. Basi mimi nikalala nimesimama, kidevu kifuani, na majembe yakashuka kila moja kwa wakati wake kama mvua ya mawe. Namshukuru Mungu hakuumia mtu. Ila watu wa Ushetu walicheka hadi wakakaa chini.

Mzee Masunga, manju wetu, ndiye aliyeongoza nyimbo na kikundi chote. Yeye hakucheka. Alinijia taratibu, akanitoa fimbo za ngoma mkononi.

"Baba Kulwa, umelewa?"

"Hapana, mzee. Usingizi tu."

"Usingizi saa tisa alasiri, kwenye kelele hizi? Nenda ukapimwe. Mashindano ya mavuno yakifika hali ndiyo hii, ngoma ataipiga mwingine."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kile kicheko. Sikuwa na ng'ombe wengi wa kujivunia. Nilikuwa na ngoma.

Sasa nikuambie ujinga wangu. Nilikuwa nimetoka Geita, ambako nilifanya kazi zamu za usiku kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Huko tulitambiana nani anaweza kukaa siku nyingi bila kulala. Usingizi ukija, tunaupiga soda. Ukirudi, chai yenye vijiko vitano vya sukari. Nilirudi nyumbani na kitambi, na kiu isiyokatika, na safari za chooni nne au tano kila usiku. Nikajitungia dawa: niache kunywa maji. Nikichoka, soda tena. Nilijiona mjanja kweli.

Nilitaka kwenda kituo cha afya peke yangu. Mama Kulwa, bibi yenu huyu anayejifanya hasikii ninachosema, akapanda nyuma ya baiskeli bila kuniomba ruhusa.

"Usingizi unaupata, baba?" daktari akauliza.

"Nalala vizuri sana," nikajibu.

Mama Kulwa akaguna. "Daktari, huyu atajuaje, na akilala hayupo? Anayebaki pale ni mimi."

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. "Mama Kulwa, hayo ni mambo ya ndani."

"Ya ndani? Hata wa ng'ambo ya barabara wanayajua."

Kisha akakunja vidole na kuanza kugonga meza ya daktari. Du-du-dum, du-du-dum, nzito, polepole: huo ndio mkoromo wangu. Ghafla akaacha. Mkono ukabaki hewani. Nikangoja pigo linalofuata, kama mpiga ngoma yeyote angengoja. Halikuja. Nikangoja tena. Daktari naye alikuwa ameacha kuandika. Ndipo Mama Kulwa akapiga meza kwa kiganja na kuvuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

"Hapo ndipo namchokonoa kwa mpini wa jembe," akasema, na sauti yake ikalegea. "Naogopa, daktari. Siku moja pigo halitarudi."

Nilijua mapigo yote ya Usukuma, lakini pengo lile, lililokuwa langu mwenyewe, nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Walipima damu, sukari ikakutwa juu. Daktari akatueleza polepole. Sukari ikizidi, figo huitoa pamoja na maji, ndiyo sababu ya kiu na safari za chooni. Na usingizi ukikatika-katika, mwili unashindwa kuitumia sukari vizuri, tena unazidi kutamani vitamu. Hiki kinakivuta kile. Kwa ule mkoromo unaokata pumzi, akatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa.

Nikaanza dawa. Soda nikaiacha, maji nikayarudia, nikawa natembea na kulala saa ileile kila siku. Huko hospitali kubwa wakaniambia nisilale chali, basi Mama Kulwa akanishonea furushi la pamba mgongoni mwa fulana, ili nikigeuka chali linisumbue nirudi ubavuni. Nilionekana kama ng'ombe mwenye nundu, lakini nililala.

Siku ya mavuno Mzee Masunga alinipa fimbo zangu bila neno. Majembe yalipanda na kushuka kama jembe moja. Kusema kweli, Ushetu walitushinda. Lakini nilikuwa macho wakati wanatushinda, na sijawahi kufurahia kushindwa namna ile.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Si kila anayekoroma ana kisukari, wala si kila mwenye kisukari anakoroma. Kipimo ndicho kitakachosema. Ila kiu ikikuandama, na choo kikikuamsha, na mchana ukawa unasinzia kwenye kazi yako, usijitungie dawa. Nenda ukapimwe, na uende na yule anayelala karibu nawe. Umwache aseme yote, hata yanayokuaibisha.

Mungu akujalie usingizi mtamu na pumzi isiyokatika. Akupe mwenzi asiyeona haya kukusema mbele ya daktari, na akuamshe kila asubuhi ukiwa na hamu ya kuishi.