Nyumba ya Bati Karibu na Stesheni

Kwanza nilisikia nyundo. Nilikuwa bado kwenye njia ya kutoka sokoni, nyasi zimenipita kichwa, na mlio ule ulikuja juu ya nyasi, mlio wa bati linalopigiliwa, mkali na uliochangamka. Nilipotokeza ndipo nikaiona nyumba: kuta za udongo zilizopakwa chokaa, vyumba vitatu mbele na kimoja uani, baraza ndefu inayotazama reli, na mwanamume juu ya paa, miguu inaning'inia. Niliipenda papo hapo, kama mtu anavyompenda binti aliyekwisha kuposwa.

Miaka ile kazi ya karanga, mashamba makubwa ya Waingereza, ilikuwa imeleta watu Nachingwea kutoka kila upande, madereva wa matrekta, mafundi, makarani, na wote walitaka mahali pa kulala. Mimi nilikuwa karani wa ghala. Mchana kutwa niliandika magunia, na hadithi zangu zikabaki kuandikwa kwa makombo ya siku. Nilijiambia kwamba vyumba vile vikipata wapangaji, nitaacha ghala, niweke meza yangu kwenye baraza ile na asubuhi ziwe zangu. Nyumba kwangu ilikuwa hiyo tu: asubuhi.

Mwenye nyundo alikuwa dereva wa trekta, mtu wa Mikindani aliyeoa hapo. Kazi zilikuwa zimeanza kupunguzwa, akataka kurudi kwao.

"Bwana mdogo, bati hili jipya. Sikia," alisema, akaligonga.

Nikasema nanunua. Sikuuliza lolote. Nikamwachia baiskeli yangu iwe arubuni, nikapanda lori la kwenda nyumbani Ruangwa kumwambia binamu yangu.

Huyo ni mtoto wa mjomba, na kwetu watoto wa mjomba na wa shangazi ni watani. Aweza kukutukana mbele za watu, na ukikasirika aibu ni yako. Tulikaa dawati moja shuleni. Alinizidi mwandiko, alinizidi mbio, alinizidi sauti ya kusoma, na alilijua hilo. Hata shati la kaniki lilimkaa yeye kama limeshonwa na malaika. Sasa kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu asichokuwa nacho, na nilitaka kuuona uso wake.

Uso haukubadilika. Alikuwa uani, anamenya muhogo, dada zake wakipepeta mtama.

"Maji wanachota wapi?" aliuliza.

"Sikuuliza."

"Na choo? Mpangaji akiamka asubuhi aende wapi, kwenye hadithi zako?"

Dada zake walicheka mpaka ungo ukasimama.

"Karanga zikiisha, nani atapanga?"

"Reli ipo," nilisema.

"Reli hailali ndani ya nyumba, mtani." Kisha akaacha kumenya. "Huyo dereva kaoa kwa nani?"

"Hilo linahusu nini?"

Alitafuna muhogo wake taratibu, nami nikadhani maneno yamemwishia.

Sisi Wamwera, mwanamume akioa huenda kujenga kwa mkewe. Ardhi ni ya ukoo wa mke, kwa upande wa mama, na mume akiondoka huondoka na nguo zake. Anayesema kwa niaba ya mke ni kaka yake. Nilikuwa nayajua hayo tangu utoto. Nani kwetu asiyeyajua? Lakini niliyahesabu kuwa ni mambo ya nyumba za nyasi, huko Nandagala na Narung'ombe. Nilidhani penye bati na reli mila zilishuka kituo cha nyuma. Binamu yangu hakudhani. Jioni ile ile aliulizia habari za mke wa dereva kwa watu wa lori nililokuja nalo, na kulipokucha alishika njia kwenda Nandagala, alikoishi kaka wa yule mke, akamkuta anavuna, akavuna naye, na walipoketi kupumzika akamweleza kwamba shemeji yake anauza nyumba. Kaka mtu hakuwa na habari.

Niliporudi Nachingwea na akiba yangu imefungwa kiunoni, nilimkuta binamu amekaa barazani, pale pale nilipoiweka meza yangu akilini. Kaka mtu alikuwa kando yake. Mke alikuwa anawamiminia uji. Dereva alikuwa ameinama pembeni, anafunga mzigo.

"Bwana mdogo, hukuniuliza kama naweza kuuza," aliniambia, kana kwamba kosa ni langu, akanielekeza kwa kidevu baiskeli yangu iliyoegemea ukutani.

"Siku ile ulipokuja," mke alisema, "ulilisalimia bati. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni."

Walikuwa wamekwisha kupatana. Mke abaki chumba cha uani maisha yake yote, kwenye ardhi ya mama yake, na vyumba vya mbele viwe vya binamu yangu, kwa bei aliyokubaliana na kaka mtu.

Siku hizi vijana wenye akiba yao ya kwanza huniuliza, kwa kuwa nimeishi Nachingwea, namna ya kununua nyumba ya kupangisha. Nawaambia waulize maji, waulize choo, waulize nani atapanga kazi iliyopo ikiisha. Waitazame nyumba mvua inaponyesha. Wazungumze na jirani kabla ya muuzaji. Na kabla ya yote waulize ardhi ni ya mama wa nani. Wananishukuru sana. Kila swali ni la binamu yangu, na kila shukrani inanichoma.

"Chumba cha mwisho kina dirisha," aliniambia siku ile, akipuliza uji. "Njoo uandike humo. Kwa kuwa wewe ni mtani wangu, nitakutoza kama mgeni."

Wote walicheka, nami nikacheka, kwa sababu ndivyo ilivyopasa. Nilisema ghala linanitosha. Nikashika baiskeli. Mpangaji wa kwanza alikuwa anafika na kitanda kichwani, na binamu yangu akainuka kumwonyesha mahali pa kukiweka, sauti yake nzuri ikijaa vyumba vile vitupu. Sikuwa nimefika barabarani waliposukuma mlango ukafungwa nyuma yangu.