Kibao cha Njia ya Maji

Siku ya kwanza kazini sikuandika hata neno moja. Nilisimamishwa.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu, kama zilivyo asubuhi nyingi za Newala. Mratibu wa kamati ya mji wetu wa zamani alinipokea mlangoni mwa ofisi. Sote tulimwita Mwalimu, kwa sababu aliwahi kufundisha historia. Nilimwambia shikamoo kwa sauti ambayo nadhani hakuisikia. Aliitikia marahaba kwa kuona midomo yangu inacheza. Nilitegemea kuonyeshwa meza. Badala yake akavaa kofia, akanitoa nje mpaka mbele ya boma la Wajerumani.

"Simama hapo, Hadija. Unaona nini?"

"Ukuta."

"Rudi nyuma. Rudi tena. Sasa?"

"Ukuta na mlango. Na paa."

"Basi kazi inaanzia hapo uliposimama. Watu wanadhani sisi tunaandika vibao. Sisi tunapanga mahali pa kusimama. Maneno yatakuja baadaye."

Nawaandikia haya wadogo zangu mtakaomaliza kidato cha nne na kupata kazi kama niliyoipata mimi. Niliifanya tangu tulipomaliza mtihani mpaka nilipoitwa kidato cha tano, kwa hiyo najua mtacheka nikisema nimestaafu. Chekeni tu. Mimi nikiwa mbele ya watu hata jina langu hunitoka kwa shida, na kazi hii ilinitaka niseme jambo moja kubwa bila kulisema. Sijui kama nitapewa tena kazi nzito hivyo.

Kamati ilitaka wageni wanaofika Newala waweze kutembea mji wa zamani kwa miguu wakisoma njiani. Njia ya matembezi ndilo jina la mzunguko wote. Kila mahali mgeni anaposimama panaitwa kituo. Kwenye kituo kuna kibao cha maelezo, ambacho uso wake umelala kidogo kama meza ya kuchorea, ili mtu mzima asome bila kuinama na mtoto asome bila kunyanyuliwa. Kati ya kituo na kituo kuna kibao cha mshale, kisicho na hadithi, kazi yake kusema pinda huku. Njia yetu ilianzia bomani, ikapita mtaa wa maduka ya zamani yenye baraza ndefu, ikagusa tangi la maji na soko, ikaishia ukingoni, ambapo nchi inakatika na bonde la Ruvuma linafunguka chini mpaka upande wa Msumbiji.

Cheo changu kilikuwa mwandishi msaidizi. Maelezo yangu ya kwanza, ya mtaa wa maduka, niliyajaza kila nilichosoma shuleni. Mwalimu aliyapeleka nje juani, akaniambia niyasome kwa sauti nikiwa nimesimama. Nilipofika nusu jasho lilikuwa linanitoka.

"Umechoka?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na hayo umeyaandika mwenyewe. Mgeni ametoka mbali, ana kiu, na mtoto wake analia. Mpe kitu kimoja akitazame, umwambie kwa nini akitazame, umwache aende."

Nikafuta. Nikabakiza mlango mmoja wa mbao wenye alama ya komeo la zamani, na mama mmoja aliyekumbuka akitumwa pale kununua mafuta ya taa kwa chupa. Mwalimu hakusifu. Alisema, "Endelea," na nilikuja kujua kuwa kwake hiyo ndiyo sifa.

Kisha nilipelekwa Masasi kwa fundi wa kuchomelea, nikajifunze jinsi vibao vinavyotengenezwa. Karakana yake inatazamana na yale mawe makubwa ya Masasi. Fundi ni Myao, mtani wetu, na aliponisikia natokea Newala hakunipumzisha.

"Mmakonde asiyechonga wala kusema! Wamekutoa kiwandani hujakamilika?"

Nilitazama viatu vyangu. Mke wake akamjibu kwa niaba yangu, "Mwache mtoto wa watu. Wenzake wanachonga vinyago, wewe unachonga maneno tu."

Lakini alinifundisha vizuri. Alinionyesha bati lililopauka upande mmoja na kunieleza kwamba kibao kinachotazama jua la mchana hufutika mapema. Nguzo iwe ya chuma, kwa sababu mbao kwetu ni chakula cha mchwa. Zege la shina la nguzo liinuke kidogo juu ya ardhi ili maji ya mvua yasituame. Na jambo la mwisho alilisema bila utani: "Nguzo ikishaingia kwenye zege, binti, mimi siing'oi. Fikirini kabla."

Niliporudi Newala nikakuta kamati imeongeza kituo.

Nyuma ya ghala la zamani la korosho pana uwanja mdogo wenye mawe yaliyopangwa. Wageni fulani walipita, wakapapenda, wakapiga picha. Mjumbe mmoja akasema huenda ni msingi wa nyumba ya kale, mwingine akasema mahali pa wafua chuma. Mwalimu alinikabidhi ramani akiwa na furaha. "Zungukia wazee, uniletee maelezo ya kituo cha mawe. Fundi anakuja kumwaga zege wiki ijayo."

Nilikitafuta kituo kile kwenye ramani, nikakifunika kwa kidole.

Mahali pale si msingi wa nyumba, wala hapakufuliwa chuma. Ni mahali pa wanawake, pa unyago, na mimi mwenyewe nimepitia pale. Zaidi ya hapo sisemi, kwa sababu anayetoka unyagoni hutoka na mambo ya kujua na mambo ya kutosema, na ya pili ndiyo mazito. Hata ninyi mnaosoma msihangaike kutafuta. Hapo nilipowaandikia, nyuma ya ghala, si mahali penyewe.

Mwalimu ni mwanaume, na ni Mmakua wa Masasi. Ningemwambia nini?

"Mwalimu, pale pasiwekwe kibao."

"Kwa nini?"

"Hapafai."

"Hapafai kwa sababu gani? Pana maji? Pana mteremko?"

Mwalimu akavua miwani.

"Hadija, mimi siwezi kwenda mbele ya kamati na neno hapafai. Kama kuna sababu, iseme. Kama hakuna, andika."

Jioni ile nilikwenda kwa Bibi Lukia, nyakanga wetu, ndiye aliyetuongoza tulipokuwa ndani. Nilimkuta anamenya mihogo. Nilipiga goti, nikamwamkia, nikamweleza yote. Hakushtuka, ila kisu kilisimama.

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimesema hapafai."

"Ukaongeza nini?"

"Sikuongeza, Bibi."

Kisu kikaendelea.

Nikamwomba aende ofisini na wanawake wenzake, wakatae. Watu wazima wangesikilizwa. Bibi Lukia alitikisa kichwa.

"Tukienda kundi zima tukapiga kelele, kila mwanaume Newala mpaka Mkunya atajua ni pale. Tutakuwa tumeweka kibao sisi wenyewe, tena kikubwa kuliko chenu."

"Sasa tufanyeje?"

"Mimi sijui kazi ya vibao. Wewe ndiye umefundishwa." Akatupa kipande cha muhogo ndani ya maji. "Wakija kupiga picha pale, mwaka huu tutawapitisha wapi watoto wa watu? Kafikirie hilo, mjukuu wangu. Halafu fanya kazi yako."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, nakiri. Niliona ameniachia mzigo wa watu wazima. Katika shajara yangu niliandika siku ile kwamba nataka kuacha kazi, na nilimaanisha.

Asubuhi, kabla ya ofisi kufunguliwa, nilikwenda kule peke yangu, nikafanya kitu pekee nilichokuwa nimefundishwa. Nilisimama. Nikarudi nyuma, nikasimama tena. Nilipita njia kama mgeni asiyejua kitu, nikijiuliza macho yake yataangukia wapi. Nikasogea mpaka baada ya kona, na hapo ukungu ukaanza kupasuka, nikaona bonde, na chini yake uzi mwekundu wa njia inayoteremka kwenye majani.

Ile ndiyo njia ya maji. Kabla ya mabomba, bibi zetu waliteremka kwa njia ile kwenda chemchemi, wakapanda na mitungi kichwani. Juu huku hakuna mto; mji wote ulinyweshwa na shingo za wanawake. Na katika vituo vyetu vyote, hakuna kilichowataja.

Nikagundua kitu kingine. Mtu akisimama pale asome, akitazama bonde, uwanja wa mawe unakuwa nyuma ya mgongo wake. Na mshale ukimpitisha barabara ya chini, haoni kabisa alichopita.

Niliandika maelezo siku ile ile, mafupi. Nikamwomba Mwalimu aje.

Alisimama kwanza kwenye mawe. Kisha nikampeleka pale nilipopachagua mimi, baada ya kona. Nilimweleza sababu, na zote zilikuwa za kweli: jua la mchana halipigi uso wa kibao, maji ya mvua hayatuami, bonde linaonekana, na habari ya maji haijasemwa popote. Mwalimu alisoma karatasi, akatazama bonde. Akageuza kichwa nyuma kidogo, akakirudisha.

"Hapa mtu akisoma, nyuma yake haoni."

"Haoni, Mwalimu."

"Na mshale wako unakwepa kule."

"Ndiyo."

"Mke wangu ni Mmakonde wa Kitangari," alisema. "Juzi nilimtajia kituo cha mawe wakati tunakula. Aliinuka akaacha chakula, akaingia ndani. Nikadhani anaumwa." Akakunja karatasi. "Sijauliza, Hadija. Wala sitauliza. Ila mbele ya kamati utasema mwenyewe, kwa sababu mimi nikisema wataniuliza, na sina jibu."

Wajumbe wengi walikuwa wanaume. Nilisimama nikishika ncha ya mtandio, nikasema sababu zangu za jua na maji na bonde, na sauti ilinikatika mara nyingi. Nyuma ya ukumbi mama mmoja alikuwa anafagia. Mjumbe aliyeyapenda mawe aliinua mkono.

"Tumekusikia. Lakini kule kwenye mawe pana ubaya gani? Kuna nini pale?"

Ufagio ulinyamaza.

Mwalimu alikuwa anatazama dirishani. Nilijua nikimeza mate tu, wataona. Nikainua uso.

"Pana majani, mzee. Na upupu mwingi. Labda tukupeleke ukahakikishe?"

Wakacheka, yeye wa kwanza. Mwenyekiti akasema tusiwawashe wageni, kituo kihamishwe. Ufagio ukaanza tena, taratibu. Nilikaa chini.

Fundi alipokuja kumwaga zege, Bibi Lukia alipita na kuni kichwani. Fundi hakumwacha.

"Mama wa Kimakonde, njoo usomewe! Au ulikimbia shule?"

"Nilikimbia Wayao," akajibu bila kusimama. Kisha akasimama. Alitua kuni, akaja mpaka mbele ya kibao, akaweka miguu pale hasa nilipopapanga. "Nisomee, mjukuu wangu."

Nikasoma: "Tazama njia nyekundu inayoteremka. Hapa walipita wanawake wa Newala kufuata maji, na kwa njia hii hii walirudi wamebeba. Maji ya kwanza ya mji huu yalipanda juu ya vichwa vyao."

Hakutazama kibao, hajui kusoma. Alitazama bonde. Kisha taratibu akageuza kichwa nyuma, akapima, akageuka tena mbele.

"Basi," alisema. "Nitwishe."

Nikamtwisha kuni zake, akaenda.

Wiki iliyofuata nilirudisha ramani na ufunguo wa ofisi. Mwalimu alinipa mkono. "Endelea," alisema, akaingia ndani.

Sasa niko shule ya mbali, na narudi Newala likizo tu. Huko shule huwa wananiuliza nimeshafanya kazi gani, nawaambia vibao, wanadhani nilikuwa napaka rangi. Siwasahihishi. Ila nawaambia ninyi mtakaoirithi kazi hii: kibao kinaonyesha kitu kimoja, na kila kinapoonyesha kinawafanya watu wakipe mgongo kitu kingine. Chagueni vyote viwili. Mimi nilichagua, na mwaka ule watoto walipita wakaimbiwa kama tulivyoimbiwa sisi, na hakuna mgeni aliyejua.

Likizo hii nilikwenda kukitazama. Rangi bado haijapauka. Familia moja ya wageni ilikuwa imesimama pale pale, wanasoma, wanapiga picha bonde. Msichana wao, mdogo kwangu kidogo tu, alichoka mapema akaanza kugeuka nyuma.

Mimi ambaye siwezi kumwita hata muuza maandazi nilijisikia nasema kwa nguvu, "Samahani dada, umeuona mstari wa mwisho?"

Akarudi kusoma.