Mayai ya Ngosha

Yule mama fundi cherehani wa Kahama hushinda na pini mdomoni. Hata shikamoo huiitikia hivyo hivyo. Miguuni pake hulala Ngosha, mjusi mkubwa aliyeachiwa na mhandisi wa mgodini. Kwa sababu ya miiba ya kidevuni mwake iliyo kama ndevu, fundi alimpa jina hilo, yaani mwanamume kwa Kisukuma. Leo Ngosha ametaga ndani ya kapu la vitambaa.

“Hana mume, mayai katoa wapi?” jirani yake Rhoda akamaka. “Uchawi huo, mchome moto!”

“Kuku wako wa mayai wana jogoo?” fundi akamjibu na pini zake mdomoni. “Mbona hujawachoma?”

Akayaokota mayai taratibu kama vifungo vya shela, akayafukia uani. Aliporudi akazitoa pini zote, akamwinamia mjusi wake.

“Hongera kwa uzazi, Ngosha.”