Gambuti Chini ya Boneti

Siku fundi alipochovya kidole kwenye altaneta ya gari langu, akakiweka mdomoni na kukilamba, nilijua mzee kachanganyikiwa.

Nilisimama pale gereji namwangalia. Akafumba macho kama mpishi anayeonja mchuzi. Kisha akatema, akafuta mdomo kwa kitambaa cha grisi.

"Sawa. Nimeelewa."

"Umeelewa nini, baba mdogo?"

"Kelele yako inatoka wapi. Njoo kesho uchukue gari."

Basi. Hakuongeza neno. Na mimi, kwa ujinga wangu, ukimya ule nikaja kumlipa kwa kitu ambacho hadi leo nikikikumbuka natamani ardhi ipasuke nizame.

Wakuu, nilimkosea mtu, na nilimkosea mtandaoni. Acha nitubu huku huku mtandaoni.

Naitwa Lachezar, nyumbani wananiita Lacho. Natoka mji mdogo wa milimani, Bulgaria. Kazi yangu ni kupeleka watu uwanja wa ndege Sofia kwa gari langu mwenyewe. Mwendo wa saa tatu na ushee kwenda, saa tatu na ushee kurudi.

Niliishi na mama yangu, Bi Dena. Mama alikuwa na jambo moja ambalo hakuna mtu wa kumkataza. Kila asubuhi nikitoka safari, anatoka nje na jagi la maji lenye kitawi cha jani la afya, mmea wa kwetu wa baraka, anamwaga mbele ya gari.

Kwetu ni kawaida. Msafiri anamwagiwa maji ili safari imnyookee kama maji yanavyoteremka.

Ila kwa mama haikuwa mila tu. Asubuhi aliyokufa baba, walikuwa wamegombana. Ugomvi wenyewe wa kijinga, wa nani kaacha mlango wa zizi wazi. Mama akanuna jikoni, jagi halikutoka. Baba akaingia chini ya lori la magogo, kilomita nane tu kutoka nyumbani.

Nilikuwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo mama hakukosa asubuhi hata moja. Ana homa, anatoka. Theluji imefika magotini, anatoka.

Mimi nilishazoea. Niko ndani ya gari, injini inapata moto, kioo kimeganda sioni mbele, nachezea simu. Nasikia tu sauti yake nje, "Iende kama maji, irudi kama maji." Napiga honi, naondoka.

Sasa, Januari moja kelele ikaanza.

Wiiiiii.

Ukikanyaga mafuta inapanda, ukiachia inashuka. Ukiwasha taa na hita ndiyo inazidi. Abiria wanatazamana. Bwana mmoja akaniuliza, "Dereva, samahani, umebeba mbwa huko nyuma?"

Biashara ya kubeba watu ni imani, wakuu. Mtu akisikia gari linalia, anaanza kusali.

Nikampelekea Mzee Gencho. Mjini kwetu fundi umeme wa magari alikuwa yeye tu. Alikuwa rafiki wa chanda na pete wa marehemu baba, ndiyo maana namwita baba mdogo. Mjane, gereji iko chini ya nyumba yake kando ya mto, na mdomo wake mzito balaa. Unaweza kukaa naye saa nzima ukaambulia "Nipe spana" mara mbili.

Alifanya kazi kwa mpango. Kwanza akapima chaji kwa mita, chaji ipo. Akachomoa mkanda wa injini, akawasha gari kwa sekunde chache. Kimya! Akarudisha mkanda, akawasha. Wiiiii.

Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye altaneta, ile mashine inayochaji betri, mpini akauweka sikioni.

"Beringi," akasema.

Akabadilisha beringi. Gari likatulia. Nikamshukuru, nikampelekea chupa ya gongo ya zabibu.

Wiki tatu baadaye, wiiiii tena.

Nikarudi nimevimba. Hiyo ndiyo siku alipolamba kidole. Kesho yake nikakuta kanifungia altaneta nyingine kabisa, ya mtumba lakini safi. Gari kimya.

Siku nne mbele nafungua boneti niongeze maji ya kioo, nakuta nini? Kipande cha gambuti. Gambuti la mpira, jeusi, limekatwa kwa kisu na kufungwa kwa waya juu ya altaneta kama kofia.

Nikampigia simu. "Baba mdogo, hii takataka ya nini?"

"Iache hapo hapo."

"Ya kazi gani?"

"Lacho, mwanangu, iache tu. Usiiguse."

"Lakini ya nini?"

Akakata simu.

Wakuu, mimi hasira zangu ziko karibu. Nikajisemea, huyu mzee kaficha kitu. Altaneta ina ufa, kaufunika. Nikaling'oa lile gambuti, nikatazama. Sikuona ufa, sikuona chochote. Badala ya kulirudisha nikalirusha kwenye theluji. Kabla ya kulirusha nilikuwa nimeshalipiga picha.

Haikupita mwezi. Asubuhi, saa nne, nimebeba wazee wawili, mke na mume, wanakwenda kumwona mjukuu wao wa kwanza Hispania. Kelele ilikuwa imerudi siku mbili kabla, nikajipa moyo itafika tu. Katikati ya njia taa ya betri ikawaka. Dakika ishirini baadaye gari likazima kama mshumaa.

Ndege ikawaacha. Yule bibi hakunigombeza. Alikaa pembeni ya barabara na begi lake mapajani, ndani kuna soksi za sufu alizomfumia mjukuu, analia polepole.

Ningegombezwa ingekuwa afadhali. Kulia kwake kukanitia wazimu.

Nikiwa pale pale nangoja gari la kuvuta, nikaingia kwenye ukurasa wa mji wetu mtandaoni. Nikaweka picha ya gambuti na picha ya kibao cha gereji. Nikaandika: "Huyu ndiye fundi wenu. Anauza altaneta mbovu anazifunika kwa gambuti. Tapeli mkubwa."

Hadi jioni watu mia nne walikuwa wamecheka. Mmoja akaandika, "Breki zangu alizifunga kwa soksi nini?" Mwingine akambatiza Fundi Gambuti. Jina likashika.

Mzee Gencho hakujibu kitu mtandaoni. Alinitumia ujumbe mmoja tu: "Lete gari, mwanangu, nikurekebishie."

Sikujibu. Nilipeleka gari mji mwingine, wakafunga altaneta mpya ya dukani. Ilikuwa Machi, theluji inayeyuka. Gari likatulia masika, likatulia kiangazi, likatulia vuli. Kila siku iliyopita bila kelele nilijiona nina haki. Si mnaona? Tatizo lilikuwa yule mzee.

Wateja wake wakapungua hadi wakaisha. Vijana wakipita wanagonga mlango wa gereji wanapiga kelele, "Gambuti! Una saizi arobaini na mbili?"

Na mama naye. Mama akakata salamu. Wakikutana njia ya kanisani, mama anageuza uso. "Rafiki wa mume wangu," anasema, "karibu aniulie mwanangu barabarani." Mzee Gencho anavua kofia, anainamisha kichwa, anapita.

Jamani, anavua kofia! Nilimwona kwa macho yangu, nikajiambia ni aibu ya mwizi.

Mwaka ule baridi ilichelewa. Theluji ilianguka mwisho wa Januari, na katikati ya Februari, nikiwa peke yangu garini, nikasikia.

Wiiiii.

Jasho likanitoka kwenye baridi ile. Altaneta mpya, fundi mwingine. Gencho hajaligusa hata kwa kidole.

Asubuhi iliyofuata niliwasha gari lipate moto, nikakumbuka glavu, nikarudi ndani kwa mlango wa nyuma. Dirisha la jikoni linatazama uani. Mama hakujua niko ndani.

Nikamwona anachukua jagi la maji ya vuguvugu. Anatia kitawi. Halafu anachota chumvi, konzi nzima, anakoroga.

Akatoka. Hakumwaga chini. Alisogea hadi kwenye pua ya gari, upande wa kulia, akamimina polepole pale boneti inapokutana na taa. Jagi lote. Midomo inacheza, "Iende kama maji, irudi kama maji." Kisha akaipigapiga boneti mara mbili, kama unavyompapasa mtoto.

Nikaelewa kila kitu kwa mpigo. Majira ya baridi yaliyopita, kabla kelele haijaanza, jirani yetu Bi Rayna aliteleza kwenye barafu ya maji yale pale getini, akavunjika mkono. Mama aliumia sana. Kuacha hawezi. Basi akaona bora amwagie gari badala ya njia, tena na chumvi, yasigande mtu akateleza tena. Akili ya mama. Ndiyo maana masika hadi vuli gari lilitulia: hakuna barafu, hakuna chumvi. Na mimi kioo kimeganda, nachezea simu, sijui lolote.

Altaneta iko kulia, juu, chini tu ya pale anapomimina.

Niliendesha hadi nje ya mji, nikasimama, nikafungua boneti. Unga mweupe. Nikachovya kidole, nikalamba.

Chumvi ya jikoni kwetu.

Nilikaa chini kando ya tairi nikalia kama mtoto. Nilikuwa nimemmaliza mtu kwa ajili ya kofia ya mpira ya kuzuia chumvi.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ile ya kuombana msamaha kabla ya mfungo wa Kwaresima. Kwetu mdogo anamwendea mkubwa, anambusu mkono, anasema nisamehe, mkubwa anajibu umesamehewa. Watu wengi wanafanya kwa mazoea, akili iko kwenye haluwa inayoliwa siku hiyo.

Nilikwenda kwa Mzee Gencho na haluwa mkononi. Gereji imefungwa, kibao kimeng'olewa. Nilimkuta ndani kwake anatengeneza redio ya zamani ambayo hakuna mtu aliyemtuma aitengeneze. Nikapiga magoti.

"Nisamehe, baba mdogo."

"Umesamehewa. Inuka, sakafu ina baridi."

"Hapana, sikiliza kwanza. Nimelamba chumvi."

Bisibisi ikasimama mkononi mwake.

"Mama yako anajua?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza. Hakuuliza juu ya gereji wala jina lake.

"Hajui."

"Basi asijue."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipoonja. Chumvi ya barabarani inarushwa na tairi, inatoka chini. Hii ilitoka juu, imechirizika. Nani anamwagia gari maji kutoka juu mji huu? Nikafikiri kidogo, nikajua."

"Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu!"

"Ungemwambia. Wewe mdomo wako hauna komeo, Lacho, tangu mdogo." Akaweka bisibisi mezani. "Nilikuwepo siku ile tulipomleta baba yako. Unajua mama yako alisema nini? Alisema, 'Gencho, sikumwagia maji.' Ndilo neno pekee alilosema siku tatu. Sasa mimi nikamwambie kwamba maji yake yanaliua gari lako? Aishi vipi?"

"Lakini alikuwa anakugeuzia uso!"

"Uso wake. Mimi wangu ninao."

Aliinuka, akaingia stoo, akatoka na gambuti. La kushoto. La kulia ndilo alikokata kile kipande nilichokitupa kwenye theluji.

"Nilijua utalitafuta siku moja," akasema. "Nipe kisu."

Siku hiyo hiyo nikaandika kwenye ukurasa wa mji: "Mzee Gencho hana kosa. Kosa lilikuwa nyumbani kwangu. Naomba radhi." Sikueleza zaidi, nisingeweza. Mnajua watu wangapi walisoma? Kumi na mmoja. Wa kucheka walikuwa mia nne, wa kusahihisha kumi na mmoja.

Mama nilimwambia tu kwamba nilimsingizia mzee. Akaoka pai ya jibini, akaifunga kwa kitambaa, akaipeleka mwenyewe hadi kando ya mto.

Mama aliendelea kumimina jagi lake majira mengine matatu ya baridi. Gari halikulia tena.

Alifariki Oktoba iliyopita. Ndiyo maana leo naweza kuandika yote.

Baada ya arobaini yake nikapata abiria wa Sofia. Asubuhi, barafu kila mahali, nimekaa ndani ya gari, injini inapata moto. Nikasikia nyayo. Kwa mara ya kwanza maishani nilifuta kioo nitazame nje.

Mzee Gencho kasimama getini, miaka sabini na mbili, kapanda kilima chote kutoka mtoni kwa mguu, mkononi ana jagi lenye kitawi. Akamwaga mbele ya tairi, taratibu.

Nikashusha kioo.

"Maji matupu," akasema. "Chumvi sijatia. Haya, nenda, abiria wanakungoja."

Gereji yake imefunguliwa tena, ila wengi bado wanamwita Fundi Gambuti. Jina hilo nililianzisha mimi, siwezi kulifuta. Nawaomba mliocheka siku ile, mkipita kando ya mto mwiteni kwa jina lake, Gencho.

Na wewe uliyeshika simu, umekasirika, picha iko tayari na kidole kiko kwenye kitufe: mtu akikwambia iache hapo usiiguse, huenda anamkinga mama yako. Kwanza toka ndani ya gari, zunguka mbele, utazame mwenyewe.